Hapo Usiruke, Mama Yasinta

Miyuji, Dodoma
Jumapili, 20 Julai 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye upepo na vumbi. Mwili wangu ni mzima. Habari za moyo utazikuta huko chini. Vipi goti lako, bado linakusumbua ukiinuka? Baba kifua kimepoa? Na yule mbuzi mwenye pembe moja ameshazaa, au bado anawadanganya? Baridi ya mwezi huu imekaza sana. Asubuhi tunaingia darasani tumejikunyata, na mwalimu akiuliza swali hakuna anayetoa mkono kwenye sweta.

Na wewe Mama Yasinta, jirani yetu na mwenyekiti wa jumuiya, shikamoo. Najua ni wewe unayesoma, maana miwani ya Mama ilivunjika tangu Pasaka na barua zote za nyumbani kwetu siku hizi zinapita mdomoni mwako. Nakuomba kitu kimoja kwa heshima zote. Soma kila nililoandika. Usiruke, usilainishe. Mahali nilipoandika hasira, soma hasira.

Mama, nina hasira. Nimekaa nayo wiki nzima. Nakula nayo, nakwenda nayo shule, narudi nayo. Jumatano ulipopiga kwenye simu ya Fredy uliongea mpaka salio likakuishia, na mimi nimehesabu maneno yangu yote: shikamoo, ndiyo, ndiyo Mama, haya. Umesema Alhamisi hii unakuja na Baba mdogo Zablon kunichukua, na godoro langu na sanduku langu, nikamalizie shule huko nyumbani. Nipo kidato cha tatu, Mama! Mwakani ni mtihani wa taifa. Umeamua hivyo kwa sababu ya vifaranga wanne. Tena umesema jumuiya nzima imeshaambiwa jinsi dada yako Generosa, ninayeishi kwake, alivyo na roho mbaya, na kwamba Mama Yasinta aliniombea kwa sauti, mtoto aliyeko kwenye tundu la simba. Nilitaka kusema kitu. Ukasema nisiogope, simu ikakatika.

Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Masudi, kondakta wa basi la Mpwapwa, ameahidi kuifikisha kesho.

Nianzie kwenye mayai. Ulipoyatuma mwezi wa nne yalifika ndani ya ndoo, yamefukiwa kwenye uwele, ishirini kamili. Mawili yalikuwa yamepasuka. Fredy akacheka, akasema mayai ya Gulwe yana akili, yanasafiri na chakula chao. Unamjua Fredy mtoto wa dada yako, tangu aingie chuo kikuu hawezi kumaliza sentensi bila Kiingereza. Kila kitu kwake ni project. Lakini siwezi kusema uongo, yeye ndiye aliyenitengenezea mashine ya kutotoleshea. Alichukua boksi jeupe la kuhifadhia samaki, akatoboa matundu, akaweka balbu, kipimajoto na kikombe cha maji. Mimi kazi yangu ilikuwa kugeuza mayai mara tatu kwa siku. Kila yai nilichora X upande mmoja na duara upande mwingine ili nisijichanganye. Siku ya saba tukayamulika kwa tochi ya simu. Matano hayakuwa na kitu. Yakabaki kumi na matatu. Kwenye haya mengine niliona mishipa, na doa jeusi linalorukaruka. Somo hilo nimelisoma kwa Kiingereza na sikulielewa. Pale nililielewa bila lugha yoyote.

Siku ya ishirini na moja, kabla sijaenda shule, nilisikia sauti ndani ya yai. Mama, yai likikulilia mkononi huwezi kwenda shule. Nilichelewa, nikachapwa, na sikuumia. Walitoka tisa. Wawili walikuwa kishingo, shingo tupu bila unyoya, kama kuku wa Bibi.

Siku hiyo hiyo nilikupigia kukupa habari. Hukuuliza kama wamekauka, hukuuliza wanakula nini. Ulisema, wafunge alama. Ulisema, wale ni kuku wa mama yetu, na Generosa aliyefika msibani mama akiwa ameshazikwa hana unyoya wake pale. Ukanikumbusha kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwamba ni bora kamba uifunge mwenyewe kuliko kufungwa na mwenzio. Methali hiyo ulinipa pia siku naondoka nyumbani, nimebeba godoro: nikae kimya, nisijibu, nisiombeombe, maana mimi kule ni mgeni. Nimekaa kimya mwaka wa tatu sasa. Hivi unajua mtu akikaa kimya miaka mitatu kile kimya kinakwenda wapi?

Nikafumua lile sweta langu jekundu la shule ya msingi, nikamfunga kila kifaranga uzi mguuni. Kila Jumapili nilikuwa nafungua na kufunga upya kadiri walivyokua, usije ukawabana. Tisa wote, uzi mwekundu. Mamkubwa Generosa alitazama akauliza ni urembo? Nikasema, “Mh.”

Hiyo “mh” yangu ikumbuke, Mama. Nilianza kuitumia kidato cha kwanza. Tumetoka shule ya msingi tunajua kila kitu kwa Kiswahili, ghafla kila kitu ni Kiingereza, na ukifungua mdomo ukakosea, darasa zima linakucheka mpaka kengele. Nikagundua ukisema “mh” kwa upole, mwalimu anafikiri umekubali, mwenzako anafikiri umekataa, na wote wanakuacha. Nikaileta nyumbani. Hapa Fredy ananiita Mheshimiwa Mh.

Vifaranga walipofikisha wiki tisa boksi halikuwatosha tena. Mamkubwa ana mitetea wanane na jogoo kwenye banda la nyuma. Akasema wasichanganywe ghafla, kuku hawana ustaarabu huo. Akagawa banda kwa wavu, wakubwa huku, wadogo kule, waonane bila kugusana, wazoeane kwa macho. Baada ya wiki mbili, akasema, tutawahamisha jioni wakubwa wakiwa wameshapanda kwenye miti ya kulalia, asubuhi waamke wakiwa ukoo mmoja. Kule kwa wakubwa anatawala mtetea mmoja mweusi ambaye Fredy amempa jina la Mwenyekiti. Mama Yasinta usichukie, hakukufikiria wewe. Mwenyekiti akisogea kwenye pumba wengine wote wanarudi nyuma.

Sasa sikiliza kilichonikasirisha, maana Mamkubwa naye si malaika, na sitaki umsikie kama malaika. Ana mdomo. Jumamosi ya tarehe kumi na mbili alitembelewa na wanawake wenzake wa kwaya. Mimi ndiye nilipeleka chai. Akaniita nisimame, akawaambia huyu mwanangu wa Gulwe haongei, lakini kuku wake amewafunga kamba utafikiri viwanja vyenye hati. Wakacheka. Kulikuwa na mama mmoja Mhehe, mtani wetu, akadakia, “Mgogo akikupa kuku, angalia kwanza kamba ameishika nani!” Wakacheka zaidi. Haya, utani ni utani. Mtani akipiga unarudisha, ndiyo sheria yenyewe, na Wahehe wana mengi ya kuambiwa, ningeweza kumtajia mbwa wanaosemwa kuliwa kwao. Nikamtazama Mamkubwa arudishe. Hakurudisha. Alicheka kuliko wote, akajifuta machozi na kanga yake. Nilisimama pale na birika mkononi kama stuli. Sikujua kama wananicheka mimi, wewe, Bibi au kuku.

Kesho yake, Jumapili, Mamkubwa na Fredy wakiwa kanisani, wavu ukafunguliwa.

Nilikuwa naosha vyombo. Niliporudi bandani wanne walikuwa wameshakufa, na mmoja wao kishingo. Sitakueleza walivyokuwa. Kuku akiona damu, Mama, huwezi kuamini ndiye yule anayelialia ukimpa chenga za mchele. Watano walikuwa wamejibana kwenye kona, kichwa cha mmoja chini ya bawa la mwingine.

Ukapiga simu saa hiyo hiyo. Fredy alikuwa ameiacha simu yake kwenye chaji, nikapokea nikilia. Ukauliza kuna nini, nikasema kuku wamekufa. Ukauliza wa nani, nikasema wangu. Nakumbuka sauti yako ilivyobadilika. Ukauliza, “Ni Generosa, sivyo? Amewafungulia makusudi?”

Mama Yasinta, hapo usiruke. Kunywa maji kama koo limekauka, kisha usome kwa sauti ileile uliyoniombea.

Nikasema, “Mh.”

Hukusubiri ya pili. Ukaanza kulia, ukasema amemuua mama mara mbili. Ningeweza kusema ulisikia vibaya, kwamba “mh” yangu ilikuwa ya mshangao. Nimejiambia hivyo wiki nzima. Lakini nilijua utasikia ndiyo. Nilichagua sauti ambayo ungeisikia ndiyo, ili uongo uwe wako na mimi nibaki msafi.

Wavu niliufungua mimi. Nilisema tumbo linauma nisiende kanisani. Nilipohakikisha wametoka nikaenda bandani, nikakata waya kwa koleo la Fredy, nikaukunja wavu wote. Nilitaka kuku wako waingie kwa mlango wa mbele, mchana, na kamba zao, mbele ya Mwenyekiti, na aone. Nilisimama kidogo, sikuona ugomvi, nikaenda kuosha vyombo nikiwa nimeridhika. Nilikuwa naimba, Mama. Nilirudi kuchukua sufuria, ndipo nikamwona Mwenyekiti ameinamisha kichwa upande, anautazama ule uzi mguuni kwa kifaranga. Akaudonoa. Kwa kuku uzi mwekundu ni mnyoo. Akauvuta, kifaranga akaruka, ngozi ikachanika, damu ikatoka, ikaonekana nyekundu nyingine. Wengine wakaja mbio. Na uzi ulikuwa kwa wote tisa. Niliingia kati kuwatenganisha, nikashindwa kujua wa kuanza naye. Kwa hiyo pale juu nilipoandika kwamba niliwakuta wameshakufa, si kweli. Wawili niliwaona.

Na bado kuna kibaya zaidi. Mamkubwa alikuwa ameniambia. Siku anaweka wavu, alisema nikate nyuzi zote kabla hawajachanganywa, kuku anadonoa chekundu. Aliniambia mara mbili, tena mara ya pili akaniletea mkasi wake wa kucha. Nikasema mh. Moyoni nikasema ahaa, ndiyo haya Mama aliyoyasema, anataka alama ziondoke ili kuku wawe wake. Neno la kuokoa vifaranga niliambiwa, nikalisikia kwa masikio uliyonipa wewe. Ndiyo maana nina hasira na wewe, Mama, nisamehe, lakini ninayo. Kwangu mimi hasira ni kubwa zaidi, ila ya kwangu nitaimaliza mwenyewe.

Kuna mengine ambayo kwenye simu sikukwambia, nikayabania kama kitu cha kuiba. Siku ya kumi na mbili umeme ulikatika mchana kutwa. Nilirudi shule nikakuta boksi limefunikwa blanketi la kitandani kwake, chupa za maji moto zimepangwa pembeni, na Mamkubwa amekaa chini kando yake anasoma kipimajoto kwa taabu. Aliomba ruhusa kazini kwa ajili ya mayai yangu. Na siku ndoo ilipofika alichukua konzi ya uwele akainusa muda mrefu. Vifaranga walipotoka, alipowaona wale kishingo wawili, alicheka, kisha akageukia ukutani. Akasema, “Kuku wa mama hawa.” Si “wangu”, Mama. Alisema wa mama. Ningekwambia ungelia, na mimi sikutaka ulie kwa ajili yake, nilitaka ulie kwa ajili yangu.

Jumapili ile aliporudi kutoka kanisani aliniuliza nani amefungua. Nikatazama chini. Koleo lilikuwa bado limelala pale mlangoni. Aliliona, nami nikajua ameliona. Hakuuliza tena. Alipiga magoti bandani na kitenge chake cha kanisani, akawashika wale watano mmoja mmoja, akakata nyuzi, akawapaka GV kwenye vidonda, miguu ikawa zambarau. Halafu akamkamata Mwenyekiti na mitetea wawili wengine, wazima kabisa, akawapaka na wao. Fredy akauliza hawa nao wanaumwa nini. Akasema hawaumwi, ni ili asiwepo wa kutazamwa peke yake. Nyuzi akazitia motoni. Hakuniambia “nilikwambia”. Ningependa angesema.

Kuanzia juzi watano wako na wenzao. Waliingizwa jioni, kama alivyopanga. Wanakimbizwa kidogo kwenye pumba, lakini hakuna damu. Yule kishingo aliyebaki analala karibu na Mwenyekiti, sijui amempendea nini.

Sasa jambo la Alhamisi. Mamkubwa hajui nilichokwambia. Fredy alimdokeza tu kwamba unakuja, na yeye, Mama, anafikiri unakuja kupatana. Tangu msiba wa Bibi hujakanyaga hapa. Ameazima magodoro. Ameniuliza kama bado unapenda mlenda wa karanga. Leo baada ya misa amemkamata jogoo, jogoo mwenyewe, yule mmoja wa banda, amemfunga mguu kwa kipande cha kanga chini ya mpapai, anamlisha mahindi anenepe. Nimeuliza ni wa nini. Akasema, “Wa mgeni.”

Hiyo ndiyo kamba iliyoko mguuni hapa nyumbani, Mama. Mgeni mwenyewe ni wewe.

Kwa hiyo naomba usije kunichukua. Njoo ule. Na kabla hujapanda basi, mpigie dada yako kwa namba yake mwenyewe, umsalimie, usipitie kwa Fredy. Kama jumuiya ilisikia uongo wangu, basi nayo isikie na haya. Mama Yasinta ameshayasoma, asiyafunge kwenye kanga. Mwambie Baba mdogo Zablon asibebe kamba za kufungia godoro. Na ukinikuta nimekuwa na mdomo, usishangae, nimekaa sana na wenye mdomo.

Nikimaliza kuandika nakwenda jikoni kumwambia Mamkubwa yote, na ile “mh” pia. Naogopa mpaka mwandiko unaonyesha. Akinifukuza, godoro langu nitalibeba mwenyewe.

Msalimie Baba na umwambie anywe dawa, asingoje kukohoa. Wasalimie wadogo zangu, na mbuzi. Mama Yasinta ahsante kwa kusoma, na kwa maombi pia, ila tundu halikuwa na simba. Mungu akulinde mpaka tuonane, Mama, na goti lako lipande basi vizuri.

Ni mimi mwanao, mwenye makosa na mwenye hasira,

Restuta

Nimeifungua tena bahasha. Nimemwambia. Amenifokea mpaka jirani akazima redio. Ameniita mwongo, mpumbavu, kichwa cha mayai viza, akaniuliza nani alinifundisha kunyamaza hivyo, na nikajibu. Miaka mitatu hajawahi kunifokea, maana mgeni hafokewi. Kisha amekaa muda mrefu anachambua mchele usio na mawe. Mwishoni akasema nikuandikie kwamba firigisi ya Alhamisi ni yako, na uje mapema, maana jogoo wa kienyeji hachelewi kuliwa ila anachelewa kuiva.